Wanangu wawili, usonji mmoja, mbona hawafanani?

Maswali ya wasomaji

Tangu tuandike kuhusu usonji (autism kwa Kiingereza, mtoto anazaliwa na ubongo unaokua kwa njia yake) mwezi wa nne (manake tarehe 2 Aprili ndo siku ya usonji duniani), meseji hazijakatika. Kwa wasionijua, mimi nafundisha watoto wenye mahitaji maalum na pia ni mama wa kijana wa miaka 14 mwenye usonji, kwahiyo naandika kama mwalimu na kama mzazi, siwezi kuvitenganisha. Barua nimezifupisha kidogo, majina nimeyatoa yote.

*

Shikamoo dada. Nipo Tanga, Ngamiani, nna watoto wawili wa kiume. Mkubwa ana miaka 9 haongei kabisa, anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka uani na ukisogeza kimoja tu nyumba haikaliki, anakula wali mweupe peke yake na mchuzi usiuguse. Huyu tulishaambiwa ana usonji toka ana miaka 4. Sasa mdogo wake ana miaka 6, yeye anaongea toka anaamka mpaka analala, anayajua mabasi yote ya stendi ya Kange, lipi linatoka saa ngapi na namba zake, na kusoma kajifundisha mwenyewe kwenye ubavu wa mabasi. Juzi daktari kaniambia na huyu ana usonji. Mama mkwe kasema daktari anatafuta hela tu, hawa watoto wanafanana wapi? Na mimi nimechanganyikiwa. Au huyu wa pili anao kidogo? Na wawili nyumba moja, si ajabu?

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa mshtuko. Nakaa sana kwenye swali lako manake ndo swali ambalo karibu kila mtu analo, ila wewe umelibeba ndani ya nyumba moja.

Mkweo haoni vibaya, hao watoto kweli hawafanani, na hata madaktari walichukua miaka mingi kuona kwamba ni kitu kimoja. Mwaka 1925 kule Moscow daktari mwanamke, Grunya Sukhareva, aliandika kuhusu wavulana wanaoongea vizuri tu, wana akili, ila wako kivyao na wana mambo yao wanayoyapenda kupita kiasi. Hakusikika sana. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Marekani akaeleza watoto 11, na wengi wao walikuwa karibu zaidi na huyo mkubwa wako, wengine hawaongei, wengine wanarudia tu maneno waliyoyasikia, na wote kitu kikibadilishwa nafasi yake wanaumia. Mwaka uliofuata Hans Asperger kule Vienna akaeleza watoto wanaofanana na huyu wako wa mabasi. Basi dunia ikakaa miaka na miaka ikiamini haya ni mambo mawili tofauti, na ya Asperger ilikuwa kama imesahaulika kabisa nje ya nchi za Kijerumani.

Aliyeyaunganisha ni Lorna Wing, daktari wa Uingereza ambaye binti yake mwenyewe alikuwa na usonji. Mwishoni mwa miaka ya 70 yeye na mwenzake Judith Gould walipita Camberwell, hapo London, wakiangalia watoto mmoja mmoja, wakakuta wengi hawaingii kwenye kisanduku cha Kanner moja kwa moja wala hawako nje yake. Huku anaongea lakini hajui kucheza na wenzake, huku haongei lakini anapenda kukumbatiwa, huku kila kitu sawa ila sauti ya blenda inamliza. Ndo likaja wazo la wigo, yaani usonji ni mmoja ila una sura nyingi. Na mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ukafuta yale majina ya zamani yote ukabaki na jina moja, usonji, halafu Shirika la Afya Duniani nalo likafuata kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika 2022. Kwahiyo daktari wako hakubuni kitu mdogo wangu.

Sasa hilo neno wigo watu wanalielewa kama ngazi, kwamba kuna wa chini kabisa na wa juu kabisa, na mtoto wako anasimama kwenye kipago fulani. Mi naomba ulifikirie kama bao la kete. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna mtu anayekaa kwenye bao akahesabu jumla ya kete ili ajue mchezo umekaaje, anaangalia shimo lipi limejaa na lipi halina kitu. Mtoto naye hivyo hivyo. Kuna shimo la maneno, kuna la kuelewa anachoambiwa (na hilo ni tofauti na la maneno, shika hapo), kuna la kelele, la vyakula, la mguso wa nguo, la kuzoea mabadiliko, la kusoma nia ya mtu mwingine, la usingizi, la akili ya darasani, la kujihudumia chooni na kuvaa. Mkubwa wako shimo la maneno ni tupu, na huenda la kumbukumbu limejaa mpaka kete zinamwagika, we angalia kama hajui kila kifuniko kilipo. Mdogo shimo la maneno limefurika, ila nakuuliza, je anajua wakati mwenzake kachoka kusikia habari za mabasi? Basi la saa 12 likichelewa analia? Siku ya sikukuu ratiba ikivurugika inakuwaje? Majibu yako yakiwa kama ninavyodhani, utaona hao watoto wanafanana kuliko mkweo anavyoona. Vifuniko kwa mstari na mabasi kwa saa ni kitu kimoja, ni watoto wawili wanatafuta dunia ikae kwa mpangilio ili waiweze.

Na kete zinahama. Mtoto yule yule asubuhi nyumbani anavaa mwenyewe, jioni mmetoka sokoni hata viatu hawezi kuvua. Hakuna anachoigiza hapo, asubuhi aliweza kweli na jioni hawezi kweli.

Kuhusu "kidogo". Madaktari wana viwango vitatu, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na vinaeleza msaada kiasi gani unahitajika, havielezi akili wala utu, na mtu anaweza kuwa kiwango kimoja kwenye mawasiliano na kingine kwenye mambo ya kurudiarudia. Ila mtaani vimegeuka kuwa "ana usonji mkali" na "anao kidogo" na hapo ndo wote wawili wanaumizwa. Yule anayeongea tunamnyima msaada kwasababu anaongea, tunamwambia acha mambo yako, we si mjanja, na yeye anajikaza mpaka anafika miaka 12 amechoka hataki tena shule. Yule asiyeongea tunamnyima imani. Tunaongea mbele yake kama hayupo, tunasema huyu haelewi kitu. Mimi nimeliishi hili. Mwanangu haongei, na alipokuwa na miaka 8 alianza kujipiga kichwa, wiki tatu usiku na mchana, nikampeleka hospitali moja nikaambiwa mama ndo walivyo hawa, vumilia. Kipindi hicho tulikuwa tumeanza kutumia kadi za picha, nakata maboksi nabandika picha, chakula, maji, choo, na sehemu za mwili kwa ajili ya kuoga. Siku moja akaja na kadi ya sikio akaniwekea mapajani. Akaenda akairudisha, akaileta tena. Sikio lilikuwa na usaha ndani. Wiki tatu mtoto anaumwa na sisi tunasema ni usonji, ningekuwa sina ile kadi sijui ningejua lini. Kwahiyo nakusihi huyu mkubwa mpe njia ya kusema, kadi, ishara za mikono, simu yenye picha, chochote, na usiogope kwamba kadi zitamzuia kuongea, hazizuii, wengine ndo zinawafungulia. Na siku akibadilika ghafla, anza na mwili. Meno, masikio, tumbo, choo kigumu. Usonji uwe wa mwisho kulaumiwa.

Wa pili naye usimwache pembeni kwasababu mwenzake ana kazi zaidi. Huyo mfundishe kwa maneno yale ambayo wengine wanayajua bila kufundishwa, kwamba mtu akiangalia pembeni mara tatu amechoka na stori, kwamba mtu akisema "ngoja dakika moja" hamaanishi sekunde 60. Na hayo mabasi usimkataze. Yafanye hesabu zake na jiografia yake, atafika mbali nayo.

Umeuliza pia mwishoni kama ni ajabu wawili nyumba moja. Si ajabu, usonji kwa sehemu kubwa unatembea na jeni, na wanaofuatilia familia wamekuta kwamba mtoto anayezaliwa baada ya kaka au dada mwenye usonji takriban mmoja kati ya watano naye anakuwa nao. Mwambie mkweo hivyo, kwa upole, na umwambie hakuna wa kulaumiwa upande wowote wa ukoo.

*

Assalam aleikum mwalimu. Mimi niko Mombasa, nakaa na mjukuu wangu wa miaka 5, mamake yuko Saudia kikazi tangu mtoto ana miaka miwili. Mtoto azunguka zunguka, apiga makofi mbele ya macho yake, ukimwita haitiki, neno ni moja moja. Wengine waniambia ni jini, wengine wasema ni ile sindano ya surua, na dadangu ananiambia waziwazi kuwa ni mamake kwa kumwacha. Mtoto ashasomewa, kombe ashakunywa, na sasa kuna mtu ataka kumfukiza moshi na kumfunga siku tatu. Naogopa. Nifanyeje?

Wa aleikum salaam, na shikamoo nyanya. Umefanya vyema kuogopa. Kisomo na dua hakuna anayekukataza, mtoto kuombewa ni haki yake kama watoto wote, lakini kufungwa na kufukizwa moshi la, hiyo ni kumtesa, na mtoto ambaye ngozi yake na pua zake huenda zinahisi vitu mara mbili ya sisi atateseka zaidi ya tunavyoweza kufikiri. Mkatalie huyo mtu kabisa.

Si wewe peke yako umeambiwa haya. Watafiti wa Kilifi waliwahi kuwahoji wazazi na wataalamu hapo hapo pwani ya Kenya, wakachapisha mwaka 2015, na walisikia hayo hayo, mapepo, uchawi, laana, na pia mambo ya kizazi na maradhi, na wakakuta familia nyingi zinakwenda kwa mganga na kwa daktari kwa wakati mmoja. Nakuambia ujue nyumba nyingi zimepita hapo ulipo, wala usijisikie mjinga.

Chanjo siyo. Hili neno lilianza 1998 na daktari mmoja Uingereza, Andrew Wakefield, aliyeandika kuhusu watoto 12 tu, na ikaja kuonekana alichezea taarifa za hao watoto, mwaka 2010 jarida likaifuta ile makala na yeye akafutiwa leseni. Baadae Denmark wakafuatilia watoto 657,461, waliochanjwa na wasiochanjwa, majibu yakatoka 2019, chanjo ya surua haikuongeza usonji. Kinachowachanganya watu ni kwamba chanjo inapigwa umri ule ule ambao dalili zinaanza kuonekana. Surua yenyewe ndo inaua watoto, nyanya, usiache kuchanja hao wengine.

Na mama yake. Hapa naomba nisikilizwe na huyo dada yako pia. Kulikuwa na miaka, hata huko Ulaya na Marekani, ambapo madaktari walisema usonji unaletwa na mama mwenye moyo baridi, Bruno Bettelheim alilisema hilo kwa sauti kubwa sana na akina mama wengi walibeba lawama hiyo mpaka kaburini. Aliyeivunja ni baba mmoja, Bernard Rimland, mwanasaikolojia mwenye mtoto mwenye usonji, kitabu chake kilitoka 1964, akionyesha kwamba ni jambo la ubongo na mwili. Mtoto anazaliwa na ubongo unaokua kwa njia yake. Binti yako huko Saudia anafanya kazi alishe nyumba, na nina hakika analia usiku. Mpigie simu ya video, mtoto asipoiangalia simu isimuumize, wengi sauti wanaisikia vizuri tu huku wameangalia kwingine.

Kwa hapo Mombasa anza na kliniki ya watoto ya hospitali ya serikali, waombe kwanza wampime masikio, halafu ulizia kituo cha serikali cha kuwapima watoto kwa ajili ya elimu maalum, Kenya vipo tangu miaka ya 80. Nairobi kuna kitengo cha usonji ndani ya shule ya kawaida, City Primary, kilichoanza 2003 kwa kusukumwa na wazazi. Wazazi nyanya, hawakuwa matajiri wala mawaziri.

*

Habari mwalimu mwenzangu. Nafundisha darasa la pili Morogoro, wanafunzi 84. Nna mtoto ana cheti cha usonji. Ikigongwa kengele (ni ringi ya gari imening'inizwa kwenye mwembe) anaanguka chini anaziba masikio anapiga kelele. Shikamoo hasemi, au siku nyingine anawaamkia shikamoo mpaka watoto wa chekechea. Ukimwambia niangalie usoni haangalii. Walimu wengine wanasema ni jeuri, achapwe. Mimi moyo wangu unakataa ila sijui nifanye nini na darasa lote hilo.

Nashukuru kwa moyo wako huo. Fimbo hapana, kwasababu pale chini hayuko kwenye ukaidi, amezidiwa. Mtoto anayedeka anachungulia kama unamwona na ukimpa anachotaka ananyamaza. Aliyezidiwa hakuoni wewe wala hasikii ahadi zako, mwili umeshamkimbia, na ukimchapa unaongeza maumivu juu ya maumivu. Punguza maneno, punguza watu waliomzunguka, kaa karibu bila kumshika, subiri. Ndo hivyo tu, na inachosha, najua.

Kengele sasa. Ile ringi inauma kweli kwa sikio lake. Jaribu kumwambia kabla, dakika chache, mpe ishara moja ile ile kila siku, na wakati wa kugongwa awe mbali na mwembe. Kisha jaribu hiki ambacho kwangu kimefanya kazi kwa watoto kadhaa: mpe yeye aigonge. Sauti unayoijua inakuja lini na unaitoa mwenyewe haikushtui kama ile inayokurukia. Nilikuwa na mtoto aliyeanza kwa kuigonga polepole na kijiti, baada ya muhula mmoja akawa mgonga kengele wa shule. Kwa wengine haifanyi kazi, ukiona hivyo acha, usilazimishe.

Kuhusu macho na shikamoo nina neno. Vitabu vingi vya usonji vimeandikwa huko ambako mtoto mwenye adabu ni yule anayekutazama machoni, kwahiyo kutokutazama ni dalili ya kwanza wanayoiandika. Kwetu mtoto anayekodolea mkubwa macho ndo hana adabu! Kwahiyo mtoto wetu mwenye usonji akiinamisha kichwa anasifiwa, hakuna anayeshtuka, anapita hivyo hivyo mpaka darasa la pili. Huku upande wa pili salamu zetu ni nyingi na zina ngazi, mkubwa, mdogo, rika, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, na jibu ni nzuri hata kama umelazwa. Kwa mtoto anayechukua maneno kama yalivyo huo ni mtego mkubwa. Anayewaamkia chekechea shikamoo ameshika neno, hajashika kipimo cha umri, na hajafanya ujeuri wowote, tena amejitahidi. Mfundishe kwa kitu kinachoonekana, mfano walimu wote shikamoo, wenye sare kama yake mambo. Na kumlazimisha akuangalie usoni acha kabisa, wengi wakikuangalia hawasikii tena unachosema.

Kwa watoto 84 huwezi kumpa kila kitu, hakuna mwalimu anaweza. Kipande cha boksi chenye picha nne za siku yake, kusoma, kuhesabu, uji, nyumbani, akimaliza moja anaigeuza. Akae pembeni ukutani, sio katikati. Rafiki mmoja mpole wa kumshika mkono wakati wa mstari. Anza na hivyo. Na ukiweza kufika Dar, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto pale Ilala ina kitengo cha watoto wenye usonji, kuona walimu wengine wanavyofanya kunatia nguvu.

*

Dada mambo, mi nna miaka 27, ni mhasibu hapa Dar. Nimesoma ile makala nikalia. Salamu nafanyia mazoezi kichwani kabla sijaingia ofisini, kicheni pati nikitoka nalala siku nzima, daladala yenye singeli nashuka kabla ya kituo changu. Shule nilikuwa nafaulu kwahiyo hakuna aliyeniuliza kitu. Inawezekana mimi?

Poa mdogo wangu. Inawezekana, ndio. Wavulana wanaogundulika ni mara tatu mpaka nne ya wasichana, na sehemu ya pengo hilo ni wasichana ambao hawakuonekana, manake wengi wanajifunza mapema kuiga, wanamwangalia mwenzao anachekaje, anakaaje, anajibuje, wanavaa hilo kama nguo ya kazini na jioni wanarudi nyumbani hawana hata nguvu ya kula. Halafu binti mkimya kwetu anasifiwa, nani atamuuliza?

Ila siwezi kukupima kwa meseji. Wasiwasi wa muda mrefu, au mambo yaliyokuumiza utotoni, navyo vinaweza kuleta baadhi ya hayo, na vinaweza kukaa pamoja na usonji. Tafuta mwanasaikolojia au daktari wa akili, nenda na mambo ya utotoni mwako, kama mama yupo muulize ulivyokuwa na miaka mitatu, minne, manake usonji hauanzi ukubwani. Na huku ukisubiri huhitaji cheti cha mtu ili uziweke pamba masikioni kwenye daladala, au ukae kicheni pati saa moja tu uage vizuri uondoke. Hizo ruhusa jipe leo.

*

Mwalimu, kuna mtu anauza dawa mtandaoni laki mbili na nusu anasema inatoa usonji ndani ya siku 40. Ni matone. Mwanangu ana miaka 7. Ninunue?

Hapana baba, usinunue. Usonji si ugonjwa unaotolewa na hakuna dawa ya kuuondoa, popote duniani. Zipo dawa ambazo daktari anaweza kuandika kwa vitu vinavyoambatana nao, kifafa, usingizi, hasira zinazomfanya ajiumize, hizo ni sawa kwa usimamizi wake. Na hayo matone naomba uwe makini mno, kuna matone yanazunguka ambayo ndani ni klorini dayoksaidi, kitu cha jamii ya jiki, cha kung'arishia nguo, mamlaka ya dawa ya Marekani ilirudia kuonya 2019 baada ya watu kutapika, kuharisha vibaya na kushuka presha hatari. Kama umeshampa hata tone moja mpeleke hospitali leo na uende na chupa. Hiyo laki mbili na nusu ni nauli za kliniki za miezi mingi.

*

Shikamoo mwalimu, mwanangu wa kiume ana miezi 20. Alikuwa anasema mama, baba, maji, paka. Sasa miezi miwili hamna hata neno moja, na ukimwita hageuki, ila katuni ikipiga wimbo anatoka chumbani mbio. Haonyeshi kitu kwa kidole. Watu wanasema wavulana wanachelewa, nisubiri mpaka miaka mitatu. Nasubiri?

Marahaba mama. Usisubiri. Kuchelewa neno ni kitu kimoja, kupoteza maneno aliyokuwa nayo ni kingine, na hicho ni cha kumwona daktari wiki hii hii. Anaweza kuwa na usonji, na anaweza asiwe nao, hata mimi sijui na jirani yako hajui. Wimbo anausikia, ndio, lakini hiyo haitoshi kusema masikio mazima, kuna watoto wanasikia sauti fulani na nyingine hawazisikii, kwahiyo omba kipimo cha masikio kwanza. Mwambie pia daktari kama umewahi kumwona anaganda macho wazi sekunde kadhaa, hiyo inaweza kuwa kifafa cha kimyakimya, inabidi kiangaliwe. Kuna fomu ya maswali 20 ya watoto wa miezi 16 mpaka 30, ukiwa kliniki iulizie, inajazwa na mzazi, haitoi jibu la mwisho ila inaonyesha kama mtoto apelekwe mbele.

Habari ya kidole nayo mwambie daktari. Najua kwetu kumnyooshea mtu kidole ni vibaya, lakini mtoto wa umri huo anaonyesha ndege, paka, mwezi, anataka na wewe uone anachokiona. Hilo likikosekana daktari atataka kulijua.

Kesho asubuhi mrekodi kwa simu, dakika mbili mbili tu, anacheza, anakula, unamwita jina kwa nyuma. Akifika kwa daktari anaweza kulala au kulia na daktari asione chochote, video itaongea kwa niaba yenu. Na kuanzia leo ukae chini naye kwenye mkeka, zima tivii, chochote alichoshika wewe kitaje kwa neno moja, "kijiko", halafu nyamaza uhesabu mpaka kumi moyoni. Ni kimya kirefu, utaona kinakuumiza. Mwachie hicho kimya, ni cha kwake. Ukishatoka kwa daktari niandikie wamesema nini, nitakujibu moja kwa moja bila kusubiri toleo lijalo.